Ziwa Ndani ya Chumba: Mwongozo Kamili wa Picha za Studio Zenye Seti na Taa

Mwezi ukiwa mpevu, Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, hupumzika. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakifuata taa. Mbalamwezi ikitanda juu ya Tanganyika taa haziwavuti tena, basi mitumbwi inalala mchangani na nyavu zinaanikwa. Kwa mpiga picha mwenye studio mtaani Mwanga, hapa Kigoma, kama mimi, hizo ndizo siku za mavuno. Wateja wana nafasi, na vifaa vyao vya kazi vinaazimika.

Siku kama hizo alikuja mama mmoja mchuuzi wa dagaa na binti zake wawili. Anatimiza miaka 60, mabinti wanataka picha kubwa ya ukutani. Nikamuuliza, "Mama, ungependa uonekane uko wapi?" Akacheka. "Mwanangu, nimewapokea dagaa alfajiri miaka yote hii, ila huko wanakotoka usiku sijawahi kufika. Nipeleke ziwani."

Chumba changu kina upana wa mita 4, urefu wa mita 5, na dari la mita 2.6. Nitakueleza jinsi nilivyompeleka ziwani humo humo, maana picha ile moja ilinidai karibu kila kitu kinachohitajika kwenye kazi ya seti, yaani mandhari ya kujenga chumbani, na taa.

Mtu kwanza

Wengi hujenga seti nzuri kisha wanatafuta mtu wa kumkalisha. Matokeo yake ni picha kumi za watu kumi tofauti, wote wamekaa kwenye kiti kile kile cha kifalme na maua yale yale ya plastiki. Kabla hujashika nyundo, kaa na mteja nusu saa na muulize mambo matatu: atavaa nguo ya rangi gani, anaweza kukaa au kusimama kwa muda gani, na ana kitu gani cha kwake anachoweza kuja nacho.

Mama alikuwa na kitenge cha bluu na njano. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo atakaa. Kitu chake ni kisado, kile kidumu cha kupimia dagaa, kimepauka kwa jua hadi rangi yake ya mwanzo haijulikani. Nikaandika: kisado kiwe mapajani.

Kuhusu pesa, usijitishe. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake lenye matamvua. Alipiga uani kwa mwanga wa jua. Leo picha zake zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia, na shuka lile limo.

Kamera ina jicho moja

Hatua ya pili ni kuiweka kamera mahali pake kabla seti haijajengwa. Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, bandika selotepu sakafuni kuzunguka kila mguu, na kuanzia hapo usiisogeze. Sasa kila unachojenga unakijengea jicho hilo moja. Kisichoonekana kwenye fremu hakijengwi.

Mteja mwingine aliwahi kuniomba apigwe picha yuko ndani ya Liemba. Meli hiyo yenyewe ilifika Kigoma vipande vipande ndani ya makasha kutoka Ujerumani, ikaunganishwa hapa hapa, basi na mimi nikaona kipande kitanitosha: mabomba mawili ya chuma yaliyopakwa rangi nyeupe, urefu wa mita moja na nusu, na boya moja. Hadi leo watu wanamuuliza alisafiri lini.

Ili ujue pazia la nyuma liwe na ukubwa gani, usikisie. Chukua upana wa kihisi cha kamera, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kwa milimita, gawanya kwa namba ya lenzi, zile milimita zilizoandikwa juu yake, zidisha kwa umbali kutoka kamera hadi kwenye pazia. Kihisi changu kina milimita 36, lenzi ni ya 50, na kutoka kamera hadi pazia kuna mita 4.5. Hiyo ni 36 ÷ 50 × 4.5, jibu mita 3.24. Nikashona pazia la mita 3.6 ili pembe zisichungulie. Kwa kamera ya kihisi kidogo, chenye upana wa milimita 24 hivi, lenzi ya 35 itakupa karibu matokeo hayo hayo. Lenzi ya 18 iache kwa harusi. Ukimsogelea mtu nayo, pua inatangulia uso mzima.

Mama nilimweka mita 2 mbele ya pazia na mita 2.5 kutoka kwenye kamera. Hizo mita 2 za nyuma yake zilinde kama mboni ya jicho. Wapiga picha wengi hubandika mtu ukutani kwa sababu chumba ni kidogo, kisha wanashangaa kwa nini vivuli vimejaa na taa moja inaangaza kila kitu. Kama chumba hakitoshi, fungua mlango upige ukiwa koridoni.

Pazia la usiku

Nunua kitambaa cha marekani, kile cheupe kisichong'aa, na uunganishe vipande ili mshono ulale, usisimame. Kitandaze sakafuni juu ya nailoni, kikaze pembeni kwa vipigilio, halafu paka rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawa. Kikikauka kitakuwa kimejikaza chenyewe. Juu yake weka rangi za kazi. Mimi nilitumia nyeusi, bluu na kijivu, nikizipaka kwa kipande cha godoro la sponji badala ya brashi. Brashi huacha mistari ambayo taa ya pembeni itaifichua yote. Sponji huacha mawingu. Katikati pawe na mwanga zaidi kidogo kuliko pembeni.

Rangi ya mafuta usiiguse. Pazia langu la kwanza kabisa nililipaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye madirisha. Lilikuwa zuri kwa macho, lakini flashi ilipowaka likang'aa kama bati jipya, na likawa pazia la bafuni.

Hapa nikafanya kosa ambalo bado linanichekesha. Usiku bila mwezi niliuona mtupu, nikachora mwezi mkubwa mweupe kwenye kona ya juu. Mama alipopita kuleta kitenge akautazama kidogo, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mwezi wote huo, hao dagaa mnawavua na nini?" Nimezaliwa hapa na sikuwa nimewaza. Nikaufuta. Mahali pake nikatoboa matundu madogo kwa sindano ya kushonea magunia, yakafuata mstari mmoja usawa wa upeo wa ziwa, na nyuma ya pazia nikapitisha waya wa vitaa vidogo vya mapambo. Kila aliyewahi kusimama ufukweni Bangwe, hapa Kigoma, usiku anaijua ile safu ya taa za wavuvi inayofanana na mji uliojengwa juu ya maji. Tangu siku hiyo mchoro wa seti namwonyesha mwenye kazi kabla sijapaka rangi.

Maji, nyavu na karabai

Maji ni nailoni nyeusi ya kutandika, iliyokunjwakunjwa kwa mikono kisha ikanyooshwa nusu. Nilipoilaza sakafuni kamera haikuiona kabisa, kwa sababu iko juu mita moja na jicho lake halishuki kiasi hicho. Dawa yake ni kuinua ziwa: makreti ya soda mawili mawili, mbao juu yake, kisha nailoni. Mikunjo ya mbele iwe mikubwa na ya nyuma midogo. Jicho hudhani maji yanakwenda mbali.

Nailoni haiangazwi kama kitambaa. Kama kioo, hurudisha mwanga kwa pembe ile ile uliyoingia nayo. Ukiiwekea taa upande wa kamera itabaki nyeusi tii. Iwekee mwanga unaotoka nyuma, ukija upande wa kamera kwa chini, na kila mkunjo utapata ukingo wa fedha.

Mtumbwi sikuujenga. Fundi seremala alinipa mbao mbili kuukuu zilizotolewa kwenye boti lililokuwa linakarabatiwa, nikazikutanisha mbele kama omo, na mama akakaa kwenye kigoda nyuma yake. Nyavu nikaitundika upande wa kulia ikiporomoka begani mwa seti. Ukitundika nyavu, usiikaze. Nyavu iliyokazwa inaonekana kama ya goli la mpira.

Karabai ilikuwa rahisi kupata, maana wavuvi wengi wamehamia taa za betri na zile kuukuu zimelala tu majumbani. Ndani yake hakukuwa na mafuta wala moto. Niliondoa utambi, nikaingiza balbu ndogo ya LED yenye mwanga wa njano na kupitisha waya nyuma ya mbao. Karabai inayowaka kweli ndani ya chumba chenye nailoni na marekani ni janga linalosubiri saa yake.

Taa, moja baada ya nyingine

Zima kila kitu. Funga madirisha kwa mablanketi, na kama kuta zako ni nyeupe, tundika vitambaa vyeusi pande mbili, la sivyo mwanga utaruka ukutani na kuua giza ulilolihangaikia. Kisha washa taa moja, piga, tazama, na usiguse ya pili mpaka ya kwanza ikuridhishe.

Jambo la kulielewa hapa ni umbali. Taa ikisogea mara mbili ya umbali wake, mwanga unaofika si nusu, ni robo. Ikisogea mara tatu, inafika moja ya tisa. Weka taa mita 1 kutoka usoni, na pazia lililo mita 2.7 kutoka kwenye taa hiyo litapata takriban moja ya saba tu. Uso umeangaza, usiku umebaki usiku. Ivute taa hadi mita 3 na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inayeyuka. Kwa hiyo ukitaka nyuma pawe giza, dawa ni kuisogeza taa karibu na mtu na kuipunguza nguvu.

Taa yangu kuu ilikuwa flashi ndani ya softiboksi, lile boksi la kitambaa linalolainisha mwanga, ya sentimita 90, upande wa kushoto, juu kidogo ya macho ya mama. Kwa nini kushoto? Kwa sababu karabai iko kushoto. Mtazamaji lazima aamini kwamba karabai ndiyo inayomwangaza, hata kama inatoa mwanga kiduchu. Ndiyo maana pia niliivisha flashi tabaka moja la selofeni ya rangi ya chungwa, ile ya kufungia zawadi. Matabaka mawili yaligeuza uso kuwa chungwa lenyewe. Kama flashi yako ina balbu ya moto ya kuongozea, izime kwanza, selofeni huyeyuka.

Tafuta kivuli cha pua. Zungusha taa polepole mpaka kivuli hicho kikutane na kivuli cha shavu, na chini ya jicho la upande wa giza ibaki pembetatu ndogo ya mwanga. Michoro ya Rembrandt, mchoraji wa zamani wa Uholanzi, ilifanya pembetatu hiyo kuwa maarufu, nayo huupa uso wa mtu mzima heshima yake, mikunjo ikiwemo. Kwa bibi harusi mimi huleta taa mbele zaidi. Kwa mama yule, mikunjo ilikuwa sehemu ya alichokuja kupigwa.

Taa ya pili ni flashi ndogo ya betri iliyofichwa chini ya makreti, imevishwa selofeni ya bluu, inatazama sehemu ya chini ya pazia kwa nguvu ya 1/32 ya uwezo wake. Hiyo inatoa upeo wa ziwa, na mwanga wake unaorudi kutoka kwenye pazia unayatia maji ule ukingo wa fedha. Ya tatu nayo ni ndogo, iko nyuma kulia kwa juu, haina selofeni. Inachora ukingo wa kilemba na bega ili mama asizame kwenye giza. Izuie kwa vipande vya kadibodi isiingie kwenye lenzi. Mbele ya magoti, nje ya fremu, kadibodi nyeupe ya sentimita 30 inarudisha mwanga kidogo machoni. Bila hiyo macho yanakuwa mashimo.

Sasa vipimo. ISO 400 (wepesi wa kihisi kupokea mwanga), tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, 1/15 ya sekunde. Usishtuke na hiyo 1/15. Flashi huwaka na kuzima haraka mno, hivyo yenyewe ndiyo inayomgandisha mtu; shata ya polepole inatoa muda kwa balbu ya karabai na vile vitaa vya upeo kuandikika. Tundu la lenzi linatawala flashi, shata inatawala balbu. Ukitaka karabai iwake zaidi bila kugusa uso, shuka hadi 1/8 na umwambie mteja atulie. Ukipanda sana juu, kamera nyingi zikishapita 1/200 au 1/250 zinakuletea utepe mweusi kwenye picha, kwa sababu pazia la shata halijafunguka lote flashi inapowaka. Na balbu za LED za bei rahisi hupepesa kwa mwendo wa umeme wetu wa hezi 50. Kaa kwenye 1/50 au chini ya hapo ili usipate mistari.

Rangi ya mwanga iweke kwenye alama ya flashi, karibu kelvini 5500, na uiache hapo. Kamera ikijichagulia, itajaribu kusahihisha ule uchungwa ulioutafuta kwa selofeni.

Ngozi nyeusi inataka neno lake. Kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha kati. Seti ya giza na ngozi ya giza vitaifanya iangaze kupita kiasi mpaka uso upauke. Kanzu nyeupe itaifanya iutie uso giza. Ndiyo maana kwenye studio vipimo vyote naweka kwa mkono. Tena, usimwache mpambaji amalize mng'ao wote kwa poda. Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao: taa kubwa ya pembeni ikilala kwenye shavu na paji la uso ndipo sura inapopata umbo. Poda ipite puani na kidevuni tu.

Majaribio yote jifanyie mwenyewe. Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na vipande vya filamu vilivyobaki baada ya wateja alivitumia kujipiga mwenyewe. Humo ndimo yakatoka maisha yake yote ya sanaa. Weka taimu ya sekunde 10, jivike kanga, kaa kwenye kigoda. Utaona kwa mwili wako taa gani inachoma macho.

Moshi, na yanayoua

Nilitaka ukungu kidogo juu ya maji. Mashine sina. Chetezo chenye ubani kinatosha: dakika mbili, kisha unakitoa nje. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo fungua mlango, subiri, ndipo mteja aingie. Wanaorusha unga hewani ili kupata vumbi zuri waache kabisa. Unga ukitanda hewani unaweza kushika moto kwa mlipuko kwenye cheche au taa ya moto.

Kila stendi ifungwe kiroba cha mchanga mguuni. Nilipoteza flashi nzima siku moja kwa sababu ya feni: softiboksi ilishika upepo kama tanga na kuanguka chali. Na betri ziwe seti mbili. Umeme ukikatika katikati ya kazi, flashi za betri zinaendelea. Zinazozimika ni taa za waya kama ile ya karabai, nayo inaweza kubebwa na balbu ya kuchaji.

Siku ya mteja

Mteja anaingia kila kitu kikiwa tayari. Ukimkalisha huku unatafuta adapta, dakika 20 za kwanza, ambazo ndizo nzuri, zimekwenda.

Mama alikaa, akashika kisado kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sahani ya ugeni. Mikono ikiwa hivyo, usiseme "jiachie". Hakuna anayejiachia kwa kuamriwa. Nikamuuliza, "Mama, leo kisado bei gani?" Mkono wa kulia ukaingia ndani ya kisado peke yake, ukakung'uta kidogo, kidole gumba kikakaa ukingoni pale kilipokaa miaka yote, na uso ukapata ule ukali mdogo wa mtu asiyepunguza bei. Nikabonyeza. Hiyo ndiyo iliyokwenda ukutani, ya saba kati ya arobaini na kitu.

Baada ya hapo

Kuediti kusichukue muda mrefu kuliko kujenga. Mimi hufuta waya uliochungulia, hutia giza pembeni, basi. Ngozi silainishi.

Kwa picha ya ukutani fanya hesabu: kamera ya megapikseli 24 inatoa upana wa nukta 6000, na kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni inchi 20. Ukiitaka ya inchi 40 inashuka hadi 150, bado nzuri kwa mtu anayeitazama akiwa upande wa pili wa sebule. Punguza mwangaza wa skrini yako kabla ya kuhukumu giza. Skrini kali hudanganya, na picha za usiku hutoka nyeusi kuliko ulivyoziona. Chapisha kipande kidogo cha uso kwanza. Na ukituma kwa mchapishaji kwa WhatsApp, tuma kama faili, maana ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa.

Nyavu niliirudisha siku ya tatu jioni. Mwezi ulikuwa umeanza kuchelewa kuchomoza, na pale Kibirizi vijana walikuwa tayari wanachaji betri za taa.